Dumuzi ni mdudu wa porini, ghalani anapita tu

Ukisafiri leo kutoka Babati hadi Songea utaviona vihenge vya chuma vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula vikimetameta kwa mbali, na ukiingia duka la pembejeo utakuta mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, imepangwa jirani na mbolea. Ni maendeleo ya kweli na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni maneno yanayofuatana nayo. Kwenye vipindi vya wakulima redioni, kwenye semina za wilaya na katika mazungumzo ya wafanyabiashara wa nafaka, imezoeleka kauli kwamba dumuzi sasa anatokomezwa, na kwamba hifadhi ya kisasa ikifika kila kijiji habari yake itakuwa imekwisha. Kauli hiyo inamchukulia dumuzi kuwa mdudu wa ghalani, na sivyo alivyo. Dumuzi ni mbawakawa mla miti, mzaliwa wa misitu mikavu, aliyekutana na mahindi na mihogo yetu akavipenda. Makao yake ya kudumu yako nje ya ghala, kwenye matawi makavu, kuni na nguzo, na huko hakuna mfuko wala kihenge kinachomfikia. Ghala tunaweza kulilinda. Kumtokomeza yeye ni ahadi ambayo hakuna mwenye uwezo wa kuitimiza, na kuendelea kuitoa kunatupotezea fedha na muda.

Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na jina lake la kitaalamu ni Prostephanus truncatus. Tanzania aliingia mwishoni mwa miaka ya 1970, inaaminika ndani ya shehena ya mahindi kutoka ng'ambo, na mkoa wa kwanza kulia ulikuwa Tabora, hasa upande wa Urambo. Mwaka 1981 wataalamu walikuwa wameshamtambua. Mwaka 1983 alionekana Kenya, upande wa Taveta, na 1984 Burundi. Mwaka huohuo wa 1984 aliripotiwa pia Togo, akiwa ameingia Afrika Magharibi kwa njia yake nyingine kabisa. Wakulima wa Tabora walimwita Scania, jina la malori makubwa ya wakati ule, na wapo wazee ambao hadi leo ukiwauliza habari za dumuzi watakujibu habari za Scania.

Hofu ile haikuwa ya kubuni. Vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkoani Tabora vilikuta baadhi ya maghala yamepoteza karibu theluthi moja ya uzito wa mahindi ndani ya miezi michache. Lakini vipimo hivyohivyo vilikuta kwamba wastani wa maghala yote haukufika asilimia 10. Namba hizi mbili ziwekwe pamoja, maana watu hupenda kunukuu ile ya kwanza peke yake. Maana yake ni kwamba nyumba moja ilibaki na unga wa vumbi na jirani yake akala mahindi yake mpaka masika. Fukusi wa kawaida hafanyi hivyo. Yeye hugawa hasara yake karibu sawa kwa kila nyumba. Kwa nini huyu achague? Jibu lake liko kwenye miti.

Mtazame mdudu mwenyewe. Ana urefu wa milimita tatu hadi nne na nusu, rangi ya kahawia iliyokolea, mwili wa mviringo mrefu. Ukimtazama kutoka juu huoni kichwa, kwa sababu kimefunikwa na ngao ya kifuani yenye vijino vidogo. Nyuma amekatwa bapa. Umbo hilo halikutengenezwa kwa ajili ya kuzurura juu ya punje. Ni umbo la kuchimba shimo la duara ndani ya kitu kigumu, kusukuma vumbi nyuma na kuziba njia dhidi ya adui. Jamii yake, Bostrichidae, karibu yote ni watoboaji wa miti. Ule unga laini unaodondoka chini ya kiti cha mianzi au fremu ya mlango uliotengenezwa kwa mbao changa mara nyingi ni kazi ya ndugu zake. Mchwa huweza kuumeng'enya ubao wenyewe kwa msaada wa viumbe vidogo wanaoishi tumboni mwake. Wengi wa jamii ya dumuzi wanatafuta kingine: wanga ambao mti uliuweka akiba katika ile sehemu laini iliyo chini ya gome. Ndiyo maana hupenda tawi lililokufa karibuni, likakauka na akiba yake ikiwa bado ndani.

Sasa fikiria mdudu aliyezoea kuchimba kuni nzima apate wanga kidogo, halafu siku moja anatua juu ya kipande cha muhogo mkavu. Makopa ni kuni iliyo karibu wanga mtupu. Mahindi makavu hayako mbali na hapo. Jike hutaga mayai yake katika vijichumba pembeni mwa njia anayoichimba, mabuu hukulia ndani ya vumbi alilolizalisha mama, na joto likifika nyuzi 32 na hewa ikiwa na unyevu wa kutosha, yai huwa mdudu mzima kabla mwezi haujaisha. Makopa yaliyoshambuliwa sawasawa huonekana mazima kwa nje. Ukiyabonyeza kwa kidole yanasambaratika.

Maisha ya mtini yanaeleza mambo ambayo wakulima na mabwana shamba wamehangaika nayo kwa miaka mingi. La kwanza ni ukavu. Tunafundishwa, na ni sahihi, kwamba mahindi yakikaushwa vizuri fukusi hushindwa na kuvu hawaoti. Dumuzi huweza kuzaliana hata katika nafaka yenye unyevu wa asilimia 9 tu. Mkulima aliyekausha kwa bidii na bado akapoteza ghala zima huona amedanganywa na mtaalamu. Hakudanganywa, alipewa dawa ya mdudu mwingine. Kwa aliyezoea gogo la kiangazi, punje kavu si adhabu. La pili ni magunzi. Dumuzi hufanya uharibifu mkubwa zaidi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi kuliko yakiwa yamepukuchuliwa, kwa sababu anahitaji kitu kilichotulia ili aegemee na kusukuma taya zake. Punje ikishikwa kwenye gunzi imekaza, wakati punje iliyo huru inateleza kila anapoibana. Kampeni ya miaka ya 1980 iliyosema pukuchua, changanya na sumu ya unga, kisha hifadhi, ilifanikiwa kwa sababu hiyo pia, wala si sumu peke yake.

La tatu ndilo linalojibu swali la nyumba moja kulia na nyingine kucheka. Majaribio yameonyesha kwamba dumuzi anayeruka havutwi kutoka mbali na harufu ya mahindi. Hana habari kwamba ghala lako limejaa. Anachofuata ni wito wa mwenzake: dume anayeona mahali pamefaa hutoa harufu inayowaita wengine, majike kwa madume, na jike akishafika wito hupungua. Kwa hiyo ghala hushambuliwa pale dume mmoja anapotua kwa bahati akaridhika. Akitua kwako, umekwisha. Akikosea kwa hatua chache, umepona. Msituni huo ndio utaratibu wa busara, kwa kuwa matawi yanayofaa ni machache na yametawanyika, na hakuna njia ya kuyatafuta ila kurukaruka na kusikiliza aliyebahatika.

Kuna na jambo la nne, la nguzo. Mjomba wangu, mkulima wa tumbaku na mahindi, alikuwa akibomoa kihenge chake kila baada ya misimu michache na kuipeleka miti yake jikoni, wakati vijana tuliona bado ina nguvu. Alikuwa anajua ambacho maelekezo ya vipeperushi hayakukiweka wazi: kwamba mahindi yakiisha dumuzi hafi njaa, huhamia kwenye miti ya kihenge chenyewe na kusubiri mavuno yajayo.

Ushahidi kutoka porini haukosekani. Huko Mexico amekutwa akizaliana katika matawi ya miti ya pori, na hasa yale yaliyokatwa kwanza na mbawakawa wa pembe ndefu. Jike wa mbawakawa huyo huzungushia tawi mkato kwa taya zake, tawi linakauka na kuanguka, yeye ametaga mayai humo. Dumuzi huja nyuma yake, akanufaika na tawi ambalo hakuliua yeye. Nyuma ya dumuzi huja adui yake, mbawakawa mdogo mweusi aitwaye Teretrius nigrescens, ambaye hunusa wito wa dume na kuufuata, kisha hula mayai na mabuu. Katika vishimo vilivyobaki huingia kuvu, sisimizi na wadudu wengine, na tawi linarudi udongoni mapema zaidi. Huo ndio wajibu wa dumuzi kwao: ni mmoja wa wanaolifungua tawi lililokufa ili wengine wapate pa kuingilia. Huko kwao si janga, ni raia wa kawaida.

Kwetu mambo ni tofauti, ingawa hayako mbali. Mitego yenye harufu ya kuigiza wito wa dume ilipotegwa katika nyika za Kenya, mbali na mashamba ya mahindi, ilinasa dumuzi kwa wingi. Watafiti walipowapa miti ya asili waliweza kuzaliana katika baadhi yake, ikiwamo ya Commiphora, ile jamii inayotoa manemane. Si ajabu, kwa kuwa Commiphora ni ndugu wa karibu wa Bursera, miti inayotawala misitu mikavu ya Mexico ambamo dumuzi amekulia. Alivuka bahari akakuta nyika ya kwao. Hapa tusimpe sifa asizostahili: kazi ya kufungua matawi makavu katika miombo na nyika zetu ilikuwa ikifanywa na watoboaji wa asili kabla hajafika, na wanaendelea nayo. Msitu wetu haumhitaji. Lakini kutomhitaji na kuweza kumwondoa ni vitu viwili.

Basi tupime hoja. Wenye hoja yenye nguvu zaidi ni wataalamu wa hifadhi ya nafaka. Wanasema: hata kama dumuzi anaishi porini, mahindi yangu yakiwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa atakosa pumzi na kufa, kwa hiyo porini kwake hakunihusu. Kwa mfuko ule mmoja, wako sahihi kabisa. Wadudu walionaswa ndani huitumia hewa iliyopo, oksijeni inapungua, wanaacha kula, wanakufa. Lakini dumuzi ni mtoboaji. Ana uwezo wa kutoboa plastiki, na mfuko uliowekwa kuegemea rundo la kuni au nguzo iliyobunguliwa unamkaribisha kuanzia nje. Halafu kuna mkulima anayefungua mfuko kila wiki kuchota debe la kusaga, na kuna mfuko wa mwaka wa tatu uliokwishachanika. Hoja yao ni nzuri kwa anayeweka mahindi akauze Januari na haina nguvu hiyo kwa anayekula kutoka ghala lake kila siku. Vihenge vya chuma vya serikali navyo vinahifadhi mahindi ya serikali. Sehemu kubwa ya chakula cha vijijini bado iko ndani ya nyumba za watu.

Upande wa pili wako wanaosema sumu imara zaidi ndiyo jibu. Historia inawapa haki kidogo. Mchanganyiko ulioenea, Actellic Super Dust, ulikuwa na viambato viwili kwa sababu ya msingi: permethrini humuua dumuzi vizuri lakini si fukusi, na pirimifosi humuua fukusi vizuri lakini si dumuzi. Pamoja vilifunga milango miwili. Ila wanaodai sumu kali zaidi wanasahau kwamba porini kuna dumuzi wengi ambao hawajawahi kugusana na sumu yoyote. Hao ni kero, na kwa upande mwingine ni akiba yetu. Wakija ghalani huzaliana na waliosalimika humo, na kwa mantiki ya urithi huchelewesha kizazi sugu kutawala. Ikiwa tutaongeza sumu ghalani mara dufu kwa lengo la kumaliza kabisa, tutawachuja waliobaki ghalani wawe sugu na wa porini hatutakuwa tumewagusa. Na anayekula mahindi yale ni mtoto wa nyumba ileile.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ninayoisikia kutoka kwa watu waliokwishakubali kwamba dumuzi ni wa porini, wakakimbilia hitimisho baya: tusafishe vichaka vinavyozunguka vijiji, tuchome miti mikavu, tumnyime makao. Inavutia kwa sababu inaonekana kufuata mantiki yangu mwenyewe. Inaanguka mara mbili. Kwanza, moto na shoka ndivyo vinavyozalisha anachokitaka. Moto wa kiangazi huacha matawi yaliyokufa yakiwa yamesimama, na kukata mkaa huacha mabaki ya matawi yaliyotapakaa ambayo hayakufaa tanuru. Anayechoma pori ili kumfukuza dumuzi amemwandalia mezani. Pili, tawi kavu lina wenyewe wengi: watoboaji wa asili, sisimizi, nyuki wadogo wasiouma, ndege wanaochonga viota kwenye miti iliyokufa, na kuvu wanaorudisha rutuba. Kufyeka yote hayo kwa ajili ya mgeni mmoja, ambaye hata tusipomwachia kichaka ataishi kwenye rundo la kuni la jikoni na kwenye uzio wa boma, ni kujiongezea hasara ya pili juu ya ya kwanza.

Inabaki hoja ya adui wa asili, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli wa mdudu huyu kwa sababu inamfuata nyumbani kwake. Teretrius aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya 1992, baada ya majaribio ya kuhakikisha hatageuka kuwa kero nyingine, na baadaye katika nchi nyingine, Tanzania ikiwamo. Katika maeneo ya joto na ukavu ya Kenya idadi ya dumuzi walionaswa mitegoni ilishuka sana. Nyanda za baridi matokeo yalikuwa hafifu. Wapinzani husema mradi ulishindwa, kwa sababu mkulima bado anaona dumuzi ghalani. Nadhani wanapima mahali pasipo pake. Teretrius huzaa taratibu kuliko windo lake. Dumuzi wakishajaa kwenye kihenge kimoja hawezi kuwafikia, na sumu ya unga inamuua naye pia. Kazi yake iko porini: kupunguza idadi ya wanaoruka, ili nafasi ya dume mmoja kutua kwenye ghala lako ipungue. Mkulima aliyepona kwa sababu dumuzi hakutua kwake hawezi kujua kwamba alipona, na kinga ya aina hiyo haina mtu wa kuipigia makofi bungeni. Hii ni moja ya sababu zilizoifanya iishiwe fedha.

Tukikubali kwamba dumuzi amekuja kukaa, baadhi ya vipaumbele vinabadilika mahali. Mti unakuwa sehemu ya usafi wa ghala: kuni zisipangwe ukutani mwa stoo, mifuko isiegemee boriti, miti ya kihenge ikaguliwe na kubadilishwa kabla ya mavuno. Haya hayahitaji mkopo wa nje, na hadi leo sijaona yakipewa uzito ule wanaopewa wauzaji wa mifuko. Ufuatiliaji nao utoke ghalani uende porini. Mwaka wa dumuzi wengi na mwaka wa dumuzi wachache hupishana kwa kufuata hali ya hewa, na mitego ya harufu huonyesha wanaoruka ni wengi kiasi gani kabla ya mkulima kuona shimo la kwanza. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyorithi kazi na maabara za taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha, ina uwezo wa kitaalamu wa kutega mitego michache katika kila ukanda na kutangaza, kama yanavyotangazwa makadirio ya mvua, kwamba msimu huu pukuchueni mapema na msiache magunzi ghalani. Mwaka wa dumuzi wachache mkulima angeokoa fedha ya sumu. Mwaka wa dumuzi wengi angeokoa mahindi. Kwa sasa ananunua sumu ileile kila mwaka kwa kubahatisha, sawa na dumuzi anavyolipata ghala lake.

Na makopa yapewe nafasi yake. Karibu kila mpango wa hifadhi umeandikwa kwa ajili ya mahindi, kwa kuwa mahindi ndiyo yanayonunuliwa na serikali na kuvuka mpaka. Muhogo mkavu ndio unaofanana zaidi na kuni, na ndio unaoharibika vibaya zaidi, na ndio chakula cha nyumba ambazo mahindi yaliwaishia mapema au hayakuota kabisa kwa ukame. Huko Usukumani huanikwa juu ya miamba kisha huwekwa darini, vipande vikubwa, vigumu, vilivyotulia, kila kitu anachokihitaji mdudu wa mtini. Haviwezi kupukuchuliwa. Sumu ya unga haipaswi kuchanganywa navyo ovyo, maana husagwa na kuliwa na vumbi lake lote. Vipande vyenye ncha hutoboa mfuko usiopitisha hewa kutoka ndani. Kama kuna fedha za utafiti wa dumuzi mwaka huu, zianzie kwenye ukubwa wa kipande cha muhogo, namna ya kukikata, na mfuko wenye kitambaa cha ndani kinachohimili ncha zake.